Malalamiko ya Mwanafunzi Pekee Anayeongozwa

Enock Mihayo,
Namba ya usajili 047,
Chuo cha Maendeleo ya Jamii na Uongozi Igwamhaya,
S.L.P. 19,
Igwamhaya.
6 Novemba, 2024.

Mkuu wa Chuo,
Hapa hapa chuoni, mlango wa pili ukitoka stoo ya majembe.

Mheshimiwa Mama Mkuu wa Chuo,

YAH: KUCHOKA KUONGOZWA

Shikamoo Mama. Najua tulifundishwa kwamba barua ya kiofisi haina shikamoo, lakini mimi nimelelewa Runzewe na mama yangu Generosa, na siwezi kuanza kumlalamikia mtu mzima kabla sijamwamkia. Kama ni kosa, nikatwe maksi za salamu, halafu malalamiko yasomwe.

Ninaandika nikiwa na akili timamu na suruali mbichi. Sababu ya suruali kuwa mbichi nitaieleza katika lalamiko la tatu, naomba usiruke.

Mama, unajua mwenyewe kwamba chuo chetu ni kipya, kina darasa moja tu la Astashahada ya mwaka mmoja, na darasa lina wanafunzi arobaini na saba. Unajua pia kwamba ofisi yako ilimgawia kila mmoja wetu Daftari la Stadi za Uongozi, lile la jalada la bluu, na ukatuambia kwa mdomo wako pale kwenye bendera kwamba hatahitimu mtu ambaye hajaongoza mtu mwingine kwa saa arobaini, na saa hizo zithibitishwe kwa saini ya huyo aliyeongozwa. Nia ilikuwa njema. Ulitaka mtu aliyekuja hapa akiwa hawezi hata kuomba chumvi mezani aondoke akiweza kusimama mbele ya watu. Hilo silipingi. Ninacholalamikia ni kwamba waliosimama mbele ya watu wamekuwa arobaini na sita, na hao watu ni mimi.

Mahafali ni tarehe 29 mwezi huu. Nimetia saini madaftari ya wenzangu wote arobaini na sita mpaka kidole kimevimba. Daftari langu mimi halina saini hata moja. Naomba sasa nieleze moja baada ya jingine.

1. Nianze na kiti. Siku ya uchaguzi wa Serikali ya Wanafunzi tulikuwa wote ukumbini. Mgeni rasmi, yule bwana wa kata, alipofika hakukuwa na kiti cha kumkalisha. Watu arobaini na sita walibaki wanamtazama alivyosimama. Mimi nikainuka, nikampa changu, nikaenda jikoni kutafuta kingine. Huko nikamkuta Mama Eunice, mpishi wetu, amekalia kile pekee kilichobaki na anachambua maharage. Sikuweza kumwinua mtu mzima, nikasubiri amalize. Niliporudi na kiti kichwani, vyeo vilikuwa vimekwisha.

Mama, sikukaa huko hata saa nzima! Chacha alikuwa amekuwa Rais, sawa, sauti anayo. Lakini walipomaliza mawaziri wa kawaida waliona bado kuna watu wamekaa bila cheo, wakawaonea huruma, wakaanza kutunga. Tuna Waziri wa Maji na tuna Waziri wa Maji ya Kunywa. Tuna Naibu Waziri wa Mlango wa Bweni. Tuna Spika, tuna Naibu Spika, na tuna mtu wa kumwambia Spika anyamaze. Tuna Waziri Asiye na Wizara Maalumu pamoja na wasaidizi wake wawili. Gregory, ambaye siku ile jino lilikuwa linamuuma na hakutamka neno, alipewa ubalozi. Balozi wa wapi, mpaka leo hajaambiwa na yeye ni mpole hajauliza.

Nikauliza, na mimi je? Wakatazamana. Kisha Rais akanijibu kwa heshima kabisa kwamba nchi bila wananchi si nchi, na kwamba katika nafasi ya mwananchi nimepita bila kupingwa. Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, maana nilidhani ni jambo zuri.

2. Ratiba. Mama, wewe umesoma hesabu. Viongozi arobaini na sita, kila mmoja saa arobaini, ni saa elfu moja mia nane na arobaini. Siku ile zilikuwa zimebaki wiki ishirini. Hiyo ni saa tisini na mbili kila wiki za kuongozwa, na hapo bado sijaingia darasani, sijala, sijakohoa.

Walichora ratiba kwa kalamu za rangi tatu wakaibandika bwaloni chini ya jina langu. Saa kumi na mbili asubuhi ninakimbia na Waziri wa Michezo. Kukimbia kwenyewe ni kwamba yeye anasimama katikati ya uwanja na filimbi, mimi ndiye ninayezunguka. Saa moja Waziri wa Chakula anaongoza unywaji wangu wa uji, na kabla ya kila kikombe ananieleza dira. Darasani ndiko ninakopumzika. Saa nane Waziri wa Maji ananiongoza kisimani. Nikirudi tu, Waziri wa Maji ya Kunywa ananiongoza kisima kile kile, ndoo ile ile, kwa sababu anasema maji ya mwenzake hayaingii katika wizara yake.

Walipoona saa hazitoshi wakaanzisha uongozi wa pamoja. Juzi Jumatatu nilibeba ndoo moja nimezungukwa na viongozi saba. Wawili walikuwa mbele wananionyesha njia, njia ambayo naijua mpaka mashimo yake. Wawili nyuma walikuwa wananipa moyo. Mmoja alikuwa pembeni anatathmini, mmoja anapiga picha, na wa saba alikuwa anawaongoza wale sita. Mama mmoja wa kijijini alishusha mzigo wake wa kuni, akatutazama tukipita, akaniuliza nimeiba nini.

3. Mitindo ya uongozi. Mwalimu Nuruddin alitufundisha kwamba kuna uongozi wa imla, uongozi shirikishi, uongozi wa kutumikia, na uongozi wa kuwaacha watu huru. Yeye alifundisha kwa nia njema na mtihani nilipata alama nzuri. Lakini Mama, mitindo yote minne inafanyiwa mazoezi juu ya mwili mmoja.

Watu wa imla sina neno nao. Wanafoka, ninakwenda, yamekwisha. Nawaombea kwa Mungu.

Wale shirikishi ndio wananimaliza. Shadya, Waziri wa Mazingira, binti mstaarabu sana, hawezi kuniambia nifagie. Ni lazima kwanza tukae kikao. Akidi itimie, na akidi ni mimi. Nitoe maoni. Nigawanywe katika makundi. Makundi yajadili, kila kundi lichague mwakilishi, wawakilishi wawasilishe, na wote hao ni mimi ninayeinuka na kukaa, kuinuka na kukaa. Siku moja nilikwenda chooni na kikao kikaahirishwa kwa kukosa wajumbe. Ule uwanja ningekuwa nimeshaufagia mara tatu!

Watumishi nao wako watatu. Hao walisoma kwamba kiongozi bora ni yule anayemhudumia anayemwongoza, basi wakanivamia kwa huduma. Suruali yangu ya chuo ni moja. Wa kwanza anaifua asubuhi, wa pili anasema haikutakata anaifua mchana, wa tatu aliwahi kuiomba nikiwa nimeivaa. Tangu mwezi wa saba suruali hii haijawahi kukauka. Mtihani wa takwimu niliufanya nimejifunga khanga ya Mama Eunice, na maneno yaliyoandikwa kwenye khanga ile siwezi kuyarudia katika barua ya ofisi. Msimamizi wa mtihani aliyasoma, akaniangalia, akayasoma tena.

Gregory peke yake ndiye alichagua kuniacha huru. Nampenda Gregory. Lakini kila robo saa anakuja kuniuliza kama ninajisikia huru, na nikishasema ndiyo mara ya nne anaandika daftarini kwamba saa moja imetimia.

4. Usuluhishi. Hili linaniuma kuliko yote mpaka sasa, naomba ulisome taratibu. Sura ya sita ya daftari inamtaka kila kiongozi asuluhishe mgogoro mmoja. Sasa mgogoro unahitaji watu wawili, na chuoni tuliobaki bila cheo tulikuwa wawili tu, mimi na Mama Eunice. Hatukuwa na ugomvi wowote. Yule mama alikuwa ananiwekea kiazi pembeni.

Usuluhishi wa kwanza tulicheka. Alipangusa mikono, tukapeana, akarudi kwenye sufuria zake. Wa pili vilevile. Lakini ilipofika wa tano, msuluhishi alisema hatuwezi kupatana kwa kweli mpaka kila mmoja aseme kinachomkera kwa mwenzake. Mimi sikuwa nacho. Nikabanwa. Nikaona niseme kitu kidogo kisicho na madhara, nikasema uji mara nyingine una madonge. Jamani! Naye akabanwa, akasema basi na mimi nashinda jikoni kwake kama paka. Wa sita akataka tuchimbue mizizi ya hayo. Wa tisa akaleta chati. Kufikia wa kumi na mbili tulikuwa hatuamkiani.

Tumepatanishwa mara arobaini na sita, Mama, na leo hii mimi na Mama Eunice ni maadui. Ananipa ukoko kwa makusudi. Ananipakulia huku anatazama dirishani. Mtu aliyenipa khanga yake nijisitiri! Kila kiongozi daftarini ameandika kwamba mgogoro ulitatuliwa, na mimi ndiye niliyeweka saini. Nalia nikiandika hapa na sioni aibu kusema.

5. Makofi. Nimeota sugu.

6. Mwano. Mama, siku ile ulikuwa safarini Shinyanga na taarifa uliyopewa iliandikwa na Waziri wa Habari, kwa hiyo haina ukweli. Naomba upokee ya kwangu.

Swaleh, Waziri wa Uhamasishaji, ni mtoto wa mjini, huku amekuja kumfuata mjomba wake mwenye duka. Alisoma daftarini kwamba kiongozi atumie njia za mawasiliano za jamii husika. Akaulizauliza kijijini watu wa hapa wakitaka kukusanyika haraka hufanyaje. Akaambiwa hupigwa mwano, yaani lile yowe la kuomba msaada. Hakuuliza zaidi. Alhamisi saa tisa alasiri akapanda kichuguu kilicho nyuma ya bwalo akaupiga mwano kwa nguvu zake zote, na mapafu anayo, ili tukutane kuchagua rangi ya fulana za mahafali.

Wewe Mama ni mtu wa huku, sina haja ya kukueleza kilichofuata. Anayesikia mwano haulizi. Anaacha jembe, anaacha sahani, anakimbia upande sauti inakotoka na chochote alichoshika, na yeye anaupiga ili wa mbele wasikie. Nusu saa haikupita vijiji viwili vilikuwa uwanjani. Sungusungu wamekuja na filimbi na pinde zao. Akina mama wamekuja na michi. Wachimbaji wamekuja kutoka kwenye maduara yao, yale mashimo wanayochimba, wakiwa weupe kwa vumbi la mawe, mmoja bado ana tochi kichwani. Mzee mmoja alikuwa ananyolewa, alifika na nusu ya ndevu.

Mtemi wa sungusungu akauliza mwizi yuko wapi. Swaleh akashuka kichuguuni, akawashukuru kwa mwitikio mzuri, akawauliza kati ya kijani na maruni wao wanapendelea ipi.

Mtemi alirudisha mshale wake podoni. Halafu akauliza swali ambalo chuo kizima kilikuwa kinalisubiri tangu kifunguliwe: kiongozi wenu ni nani? Mikono arobaini na sita ikapanda juu. Wengine walipandisha yote miwili. Mtemi akahesabu, akaona haina haja. Akasema vizuri, maana kwa utaratibu wao kumwita mtu aje na silaha pasipo hatari ni kosa kubwa, na adhabu hubebwa na kiongozi.

Mama, sijawahi kuona mikono inashuka namna ile. Wengine waliiweka mifukoni kabisa. Ndipo Rais Chacha akasogea mbele kwa unyenyekevu na kueleza kwamba katika uongozi wa kidemokrasia viongozi ni watumwa tu, na mamlaka yote yako mikononi mwa mwananchi. Na kwamba mwananchi ni yule pale mwenye ndoo.

Nilihukumiwa siku nne za kuchimbua tope la lambo la ng'ombe. Sikubishana, kwetu mtu akihukumiwa na watu wazima haanzi kuleta maneno. Lakini wenzangu hawakuniacha peke yangu, hilo niwe mkweli. Walikuja wote kwa zamu, wamevaa vizibao vya njano vya kung'aa, wakasimama ukingoni wakikagua. Waziri wa Mifugo alinihutubia nikiwa nimezama mpaka kiunoni. Na saa zile zote, Mama, zile za tope, walikuja nizitie saini kuwa walikuwa wananiongoza.

7. Daftari langu. Hapa ndipo barua yote ilipo.

Nimewaomba wenzangu mmoja mmoja wakubali niwaongoze walau saa moja. Hawakatai kwa dharau, wananihurumia kweli, lakini wanasema katiba haimruhusu waziri kuongozwa na mwananchi mpaka ajiuzulu, na akijiuzulu saa zake zinafutwa. Nilimwendea Gregory nikijua ni muungwana. Aliniambia niko huru kumwongoza wakati wowote ambapo yeye hayupo.

Nilijaribu kujiongoza mwenyewe. Nilijiamuru, nikajitii, nikatia saini ya aliyeongozwa kwa mkono wa kushoto. Ofisi ya usajili ililirudisha daftari na kusema saini mbili zinafanana tabia.

Nilijaribu mbuzi wa Mwalimu Nuruddin. Aliongozeka vizuri tu kwa saa mbili na nusu. Ofisi ikasema kwato si saini.

Nilikwenda mpaka kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, nyuma ya kilima. Nikawaambia nimekuja kuwaongoza saa arobaini, bure, na nina dira na dhamira. Msimamizi wa duara lile ni mama mmoja anaitwa Ghati. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, akasema wazo ni zuri, ila kiongozi aanze kwa kuijua kamba. Akaniweka kwenye roda ya kuvutia viroba vya mawe mpaka saa kumi jioni. Nilipoinama shimoni nikamwita mtu wa chini kabisa, aliye mita thelathini ndani ya ardhi, nikidhani huyo angalau hana wa kumwongoza, aliniitikia kwa kusema niseme tu, mkuu, yeye ndiye kiongozi wa zamu. Chini ya ardhi nako vyeo vimekwisha!

Mama yangu amenisomesha kwa kukaanga maandazi stendi ya Runzewe. Ameshashona kitenge cha mahafali. Ameshawaambia jumuiya nzima kwamba mwanawe anatoka chuo cha uongozi, na wanakuja, wamekodi Hiace. Wiki iliyopita alinipigia simu akaniuliza mimi ni kiongozi wa nini, ili ajue jinsi ya kunitambulisha. Nilimwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika, Mama Mkuu. Nilikuwa namsikia vizuri kabisa anavyosema haloo, haloo, mwanangu. Sijui nitamwambia nini siku ile majina yakisomwa mpaka arobaini na sita halafu watu wakaanza kukunja viti.

Kwa hayo yote, nimefikiri sana, na kufikiri nimepata nafasi kwa kuwa lamboni hakuna ratiba. Nimeona kwamba tunakosea. Tunafundisha kuongoza, hatufundishi kuongozwa, na kazi ngumu ni hii ya pili. Mtu akipuliza filimbi, ni nani amefanya kazi, mwenye filimbi au mwenye miguu? Mkutano ukifanikiwa, umefanikishwa na msemaji au na yule aliyekaa mpaka mwisho na njaa yake? Niondoe mimi leo, chuo hiki ni watu arobaini na sita waliosimama uwanjani wakionyeshana njia. Uongozi wote wa Igwamhaya unasimama juu ya mgongo huu mmoja, na mgongo wenyewe unauma upande wa kulia.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu:

Kwamba niondolewe sharti la saa arobaini, na mahali pake nipewe Cheti cha Kuongozwa, cha daraja la kwanza, kwa kuwa saa zangu elfu moja mia nane na arobaini zimeshathibitishwa na viongozi wote.

Kwamba sharti hilo lifutwe kabisa kwa vizazi vijavyo, ili mtu mwingine asiteseke hivi.

Kwamba Mama Eunice aambiwe na mtu ambaye si msuluhishi kwamba uji wake haukuwahi kuwa na madonge.

Na kwamba ijulikane wazi, mbele yako na mbele ya Mungu, mimi Enock sina tamaa ya kuongoza kiumbe chochote. Hata leo ningeletewa mtu akakabidhiwa kwangu, ningemwambia kaa kivulini mwanangu, kunywa maji, umechoka. Hilo naliapia.

Nisikuchoshe zaidi, najua na wewe una wa kukuongoza huko wilayani. Nisalimie mzee wa nyumbani, watoto, mlinzi wa getini, na Mwalimu Nuruddin, mwambie mbuzi hajambo na hana kinyongo. Wasalimie pia wa ofisi ya usajili, ingawa sijaridhika nao. Wote humu bwenini wanakusalimu, kila mmoja kwa cheo chake.

Ni mimi mwananchi wako,

Enock Mihayo

Nakala: Rais wa Serikali ya Wanafunzi, Waziri wa Malalamiko, Naibu Waziri wa Malalamiko, Balozi Gregory.

Nyongeza: Mama, nilikuwa natafuta gundi ya bahasha ndipo wanafunzi wapya wa mwaka huu wakaanza kuripoti. Mmoja wao, binti anaitwa Hosiana, ameshuka na begi na godoro kutoka Chato, amenikuta mimi mlangoni, akaniamkia kwa adabu na kuniuliza asimame wapi. Nikamwambia asimame pale. Mama, akasimama! Nikamwambia hapana, sogea kidogo. Akasogea! Sijui nieleze vipi kilichonipata kifuani. Nimefungua daftari langu papo hapo na kuandika saa nne na dakika kumi. Mpaka sasa ameshanifulia suruali, amezunguka uwanja mara sita, na nimempeleka jikoni agombane na Mama Eunice ili jioni niwasuluhishe. Nimempigia mama simu, nimemwambia.

Kwa sababu hiyo naomba malalamiko namba moja hadi saba uyaone kama hayakuandikwa, isipokuwa la makofi. Sharti la saa arobaini lisifutwe. Nimelitazama upya na naona ni dogo mno, liwe themanini, maana vijana wa siku hizi hawapendi kuongozwa. Napendekeza pia mwanafunzi anayeongozwa akatazwe kabisa kukuandikia barua moja kwa moja bila kupitia kwa kiongozi wake. Huyu Hosiana sasa hivi nimemwona amekaa na kalamu na karatasi, na sijampa kibali.